Bwana Maluki na Jeli Aliyoikataa

Kwa miaka ishirini na tisa Bwana Maluki Ndambuki ametunza maabara ya shule yetu ya wasichana hapa Ruiru. Ijumaa, tarehe 24 Oktoba, atakabidhi funguo na kurudi kwao Yatta.

Alipoanza kazi, maabara ilikuwa na meza nne na mfereji mmoja. Leo ina meza kumi na mbili, na katika miaka hiyo yote hakuna mwanafunzi aliyeunguzwa na asidi. Sababu ni kwamba Bwana Maluki haamini kitu. Haamini lebo ya chupa mpaka apime mwenyewe kilichomo. Wasichana husema hata chai ya ofisini huinusa kwanza, naye hajawahi kukana.

Machi mwaka huu Klabu ya Sayansi ilitengeneza jeli nyeusi inayofyonza maji machafu. Ukiianika juani hupata joto, husinyaa na kutoa maji safi. Tulichota maji ya mto, na yaliyotoka yaling'aa. Vipimo havikuonyesha vijidudu. Ilibaki sahihi ya Bwana Maluki tu ili twende mashindanoni Thika baada ya siku tisa.

Alikataa. Nasi tukaanza kumshuku. Mwenyekiti wetu, Gathoni, alinong'ona kwamba mzee anaogopa kupitwa na wasichana. Kwa bahati mbaya mzee alisikia.

"Mmepima mto, Gathoni," alisema. "Jeli yenyewe nani ameipima?"

Hakuna aliyekuwa ameipima. Aliloweka kipande katika maji safi, kisha akadondosha pamanganeti, dawa ya zambarau inayobadilika rangi ikikutana na kemikali fulani majini. Rangi ya zambarau ikageuka kahawia. Dawa tulizotengenezea jeli zilikuwa zikivuja, kwa kuwa katika haraka yetu hatukuiosha vya kutosha. Tungewaondolea watu uchafu wa mto tuwanyweshe wa kwetu.

Hakutushtaki kwa mwalimu mkuu. Alituagiza tuiloweke na kubadilisha maji asubuhi na jioni, na kila asubuhi tulikuta ameshatutangulia. Siku ya nane zambarau ilibaki zambarau. Akatia sahihi, na chini yake akaandika: "Bado si ya kunywa." Tuliwasomea waamuzi maneno hayo pia, tukawa wa pili.

Wiki iliyopita aliomba kipande cha jeli ili akakijaribu kwao, ambako maji ya bwawa yana matope. Atakipima mwaka mzima kabla ya kusema lolote. Tumemkatia kikubwa kuliko vyote.

Asante, Bwana Maluki. Tunakuombea afya, mapumziko mema na jua la kutosha. Jibu lako tunalingoja.