Risala ya Bamama ba Lubondja Juu ya Jani la Ini na Panya Makumi Sita

Mugeni rasmi, Profesa Néhémie, mukubwa wa labo ya dawa za miti kule Bukavu. Chifu wa kijiji. Munganga mukubwa wa kituo cha afya. Bapasta na bakatekista. Bamama, bababa, na batoto benye mumejaa ku dirisha:

Karibuni. Sisi ni kikundi cha bamama bachuma-dawa ba Lubondja, tuko kumi na mmoja. Profesa, tunakusalimia kwa mikono mbili. Njia ya kutoka Baraka mpaka huku tunaijua. Tunashukuru Mungu umefika, na gari yako imefika na magurudumu yote.

Mbele ya kuendelea, tunaomba sisi wote tusimame kimya dakika moja, kwa kukumbuka panya makumi sita benye balikufa mu labo ya Bukavu mwaka jana. Tafadhali.

Aksanti. Mukae. Sababu ya hiyo dakika itaonekana mbele kidogo.

HISTORIA YETU

Kikundi kilianza mwaka wenye tulirudi kutoka kambi za bakimbizi kule Tanzania. Tulikuwa bane. Leo tuko kumi na mmoja, na mmoja wetu ni Kaneza, mwenye alikimbia Burundi akaja kulima huku kwetu. Anajua majani kutushinda sisi wote, lakini hatujamuambia.

Kazi yetu kubwa ni jani la ini. Mutu akigeuka manjano macho, akikojoa kama chai, anakuja kwetu siku ya Alhamisi. Hatumupatii jani kama hajapita kwanza kwa munganga kupimwa damu. Hiyo sheria tuliiweka sisi wenyewe, hakuna mutu alitulazimisha. Bengine balikasirika, bakaenda kwa baganga benye banajitangaza ku redio.

Miaka miwili iliyopita, Profesa, ulikuja hapa, ukakaa ku hiki kiti. Ulisema: «Bamama, ile jani lenu nitalipima ku panya. Nitabapatia parasetamoli nyingi mpaka ini yao iumie. Bamoja batakunywa maji ya jani, bengine maji matupu. Kisha nitaangalia ini ya kila mmoja.»

Mama Adolphine wa kikundi chetu alikuuliza: «Na panya bamekubali?»

Ulisema habaulizwi. Tulikupatia gunia moja la majani makavu, ukaenda.

MAFANIKIO

Mafanikio yako mengi, tutataja moja, sababu jua linapanda.

Bonaventure, mwenye anakaa pale nyuma na kofia ya kijani, alikunywa pombe ya kanyanga miaka kumi na mbili. Macho yake ikakuwa kama ndizi mbivu, tumbo ikajaa. Munganga alimupima, akamukataza pombe. Sisi tulimupatia jani wiki tano. Leo analima. Bonaventure anasema ni jani lilimuponya. Muke wake Aline anasema ni kuacha kanyanga. Banabishana mpaka leo ku meza, na ini inasikiliza tu.

Sisi tulisema ni jani. Lakini tukikaa wenyewe, hatujui. Ndiyo maana ulipokuja na habari ya panya tulifurahi. Panya hakunywaka kanyanga, na hana muke wa kubishana naye.

MAGUMU

Hapa, mugeni rasmi, tunaomba ushike kiti vizuri.

Kwetu sisi bachuma-dawa, tangu kwa bibi zetu, muti wa dawa haumuonyeshi mugeni siku ya kwanza. Unamuonyesha ndugu ya ule muti, jani lenye linafanana na la dawa lakini halina kazi. Mugeni anaenda, anajaribu, haisaidii. Kama kweli iko na mugonjwa nyumbani, atarudi amekasirika, atakutukana kidogo. Hapo unajua shida yake ni ya kweli. Unacheka, unamukalisha, unamupatia ya kweli. Mwenye hakurudi, alikuwa anatembea tu.

Profesa, gunia tulikupatia lilikuwa la ndugu.

Hata Kaneza alitaka kusema siku ile. Alianza: «Kwetu Burundi mugeni banamuonyesha ya...» tukamufinya. Alibakia na alama ku mukono siku tatu, anatuonyesha mpaka leo kama medali.

Tulingojea urudi ukasirike. Tulihesabu mwezi moja, tatu, sita. Tulisema: «Huyu profesa ni muvumilivu sana.» Hatukujua kwamba wewe unakasirikaka ku karatasi. Mwaka jana ripoti yako ilifika, kurasa arobaini na moja, kwa Kifaransa. Mwalimu Roger wa shule ya musingi alitusomea siku mbili. Iliandikwa kwamba panya benye balikunywa jani na panya benye balikunywa maji matupu, ini zao ziliharibika sawasawa. Ku ukurasa wa makumi mbili kulikuwa picha ya jani. Mama Adolphine akavaa miwani ya Roger, akaangalia.

«Hii si ile tunapatiaka mbuzi?»

Roger akauliza kama aendelee kusoma. Tukamuambia apumzike.

Mwenye alikupatia ile gunia ni kikundi chote. Mukono ulikuwa wangu, mimi Florentine, mwenye ninasoma hii risala. Tulifikiri tunakupima. Kumbe wewe ndiye ulikuwa unapima, na panya makumi sita balikufa kwa jani la mbuzi. Dakika yao ndiyo ile.

Magumu mengine yalitoka pale. Munganga mukubwa wa kituo cha afya alisoma ripoti, akabandika karatasi ku mulango wa nyumba yetu ya kukaushia majani: tufunge mwisho wa huu mwezi. Hatumulaumu. Ripoti ilimuambia jani halisaidii, na yeye alisoma mpaka mwisho, kutushinda sisi.

Tena kule sokoni Baraka iko muchuuzi mmoja anaitwa Dany. Aliona ile picha, akachuma jani la mbuzi, akachemusha, akaweka mu chupa. Juu ya chupa ameandika: «Imepimwa mu labo, Bukavu.» Hakusema uongo. Imepimwa. Tulimuendea tukamuambia: «Dany, mwanangu, hii ni ya mbuzi.» Akatuambia: «Mama, mbuzi umemuona na ugonjwa wa ini?» Tukarudi nyumbani. Lakini batu bananunua, banakunywa, habaendi kupimwa damu. Kwa hiyo mmoja kati yao atakufa, na hatutaomba dakika. Tutaomba musamaha.

MAOMBI

Profesa, jani la kweli liko hapa mbele yako, mu hii sahani. Ulishike. Nyuma liko na nywele ndogo. La mbuzi ni laini kama sabuni. Tumelionyesha mbele ya kijiji chote, na bibi zetu bakitukasirikia tutajibu wenyewe.

Tunaomba upime tena. Safari hii mimi mwenyewe nitapanda gari na gunia, na Kaneza ananisindikiza, sababu haniamini. Tutakaa Bukavu mpaka panya ba mwisho. Kama bako ba jamaa moja na bale ba kwanza, tunaomba basiambiwe.

Tunaomba munganga mukubwa asitoe karatasi ku mulango, aikunje tu, mpaka panya bajibu. Tunaomba pia umuandikie Dany karatasi fupi, kwa Kiswahili, maneno makubwa, tuibandike pale sokoni.

Na ombi la mwisho, ndilo tulibishania usiku kucha mpaka bamama babili balilia. Leo bagonjwa saba banakunywa jani letu. Tunabajua kwa majina, bane ni jamaa zetu. Labo ikisema jani la kweli linalinda ini, utatuma habari vile utaweza, hata kwa barua. Lakini ikisema halisaidii, au inaumiza, usitafute maneno ya kututuliza. Usingojee kumaliza kurasa arobaini. Piga simu siku ile ile ku namba ya Mwalimu Roger, useme neno moja tu: «Wacheni.» Tutatembea kwa hizo nyumba saba siku hiyo hiyo, tutamwaga dawa ya mu sufuria kwa mikono yetu, na tutabaambia kwamba tulikosea. Tumeshagawana nyumba. Mimi nimechukua ya kwanza, sababu ni ya dada yangu.

Mungu akurudishe Bukavu salama, aipatie labo yako umeme, na alinde ini ya kila mmoja hapa, hata ya mwenye hastahili.

Ni sisi,
Kikundi cha Bamama Bachuma-Dawa ba Lubondja