Mnara wa Taa Alikokwenda Yarow

Kila alasiri, kafyu ikikaribia, benchi la Nurto pale sokoni Garissa lilijaa wanywa kahawa wasiokubaliana hata jua limetokea upande gani. Ilikuwa mwaka wa sitini na sita. Vita vya mashifta, waasi wa kaskazini, vilikuwa vimefunga barabara, na kilichosafiri bila kibali ni maneno tu. Nurto, mwuza kahawa, alimimina huku akiwaza. Mumewe, Yarow, alipoishiwa ngamia alikwenda pwani; dereva mmoja akaleta habari kwamba amepata kazi ya kufuta vioo vya mnara wa taa. Baada ya hapo, kimya. Sasa shemeji yake Korane, nduguye Yarow, waliyembandika jina Serikali kwa kupenda kutoa amri, alitaka kesho Nurto apande lori arudi kwa babake, kule kijijini Hadado.

— Mnara hakuna, alisema Serikali. Dereva alidanganya wewe, shemeji.

— Iko, alisema Rage, aitwaye Redio. Ilijenga Mreno, zamani sana. Alikuwa naogoba giza.

— Mreno wapi? alidakia Komora Spana, fundi wa malori, Mpokomo ambaye kwa ajili yake benchi zima lilisema Kiswahili. Ni sultani. Wake zake walikaa kila mmoja kisiwa chake. Bila taa angebisha hodi kwa mama mkwe.

— Na wallahi inazunguka, alisema Redio. Ngamia nazungusha, kama ile ya kinu ya kukamua mafuta ya simsim. Iko ndani, juu kabisa.

— Alipandaje ngazi? aliuliza Spana.

— Alizaliwa huko juu.

— Aliye juu mngoje chini, alisema Serikali, kama aliyekata kesi.

Nurto alicheka, kisha akajichukia kwa kucheka.

Hinda, mchuuzi wa maziwa aliyefika asubuhi ile kutoka Kotile, alishusha kikombe.

— Mimi bahari sijui. Hii taa nawasha kwa sababu ya meli?

— Ndiyo, walijibu wote.

— Na meli kama haikuja, nazima?

— Haizimwi, alisema Spana. Meli ije isije, inawaka.

Nurto aliweka birika chini. Kimya cha Yarow alikuwa amekichukua kama talaka. Lakini mtu anayefutia kioo watu asiowajua, atamsahauje mkewe?

— Shemeji, lori iende. Mimi nabaki.

— Unabaki kungoja nini?

— Bwana yangu. Na kahawa imekwisha. Kama nataka ingine, chukua debe, lete maji.

Serikali aliinuka, akauliza debe liko wapi.