Injini Ikizima Mteremkoni

Teksi kuukuu tuliyopanda Gachoka ilizima tena kabla ya kufika Embu. Dereva, Njagi, alizungusha ufunguo mpaka ikawaka.

"Ni pampu ya mafuta, shosho. Ikipata moto inakataa, ikipoa inarudi."

Ciakuthii, bibi kizee aliyeketi mbele na mjukuu mwenye homa mapajani, aliuliza, "Na ikizima kwa mteremko?"

"Breki inakuwa ngumu. Nitakanyaga na nguvu."

"Basi tusimame ipoe."

"Na mtoto afike hospitali saa ngapi?"

Ciakuthii alimgusa mjukuu paji la uso, tukaendelea. Mimi nyuma, niliyekuwa na haraka tangu asubuhi, haraka ikaniisha.

Mteremko wa kwenda darajani ulipoanza, injini ikanyamaza. Njagi akakanyaga kwa miguu yote miwili, Ciakuthii akimwita Yesu. Tulisimama ukingoni mwa daraja, mtoto akilia, na hakuna aliyethubutu kusema tuwashe.