Bibi Aglaia Bejinaru, Mfumaji Aliyefundisha Neno Moja la Kiingereza

Leo Jumatatu, tarehe 12 Februari 2024, uani kwake mwenyewe, tunaagana na Bibi Aglaia Bejinaru. Alizaliwa tarehe 18 Oktoba 1951 hapa hapa Valea Sorbului, katika ile nyumba ya chini karibu na kisima, mtoto wa nne wa Mzee Ifrim Ostahie na Mama Zamfira. Ilikuwa siku ya kukamua zabibu. Mama yake aliingia ndani mikono ikiwa ya zambarau hadi viwikoni, na mkunga, ambaye macho yake yalikuwa mabovu, akapiga ukelele akidhani mambo yameshaharibika. Bibi Aglaia alipenda kusimulia hivyo, kwamba mtu wa kwanza kumpokea duniani alimpokea kwa kumlilia.

Tangu Jumamosi wengi wenu mmekuwa mkiulizana langoni kwa sauti ya chini nani atambeba hadi makaburini, maana kilima kina barafu na wanaume wamekwisha kijijini. Swali hilo alilitangulia yeye mwenyewe, na lilimnyima raha miezi yake yote ya mwisho. Litajibiwa. Kwanza tueleze alivyoishi.

Alisoma shule ya hapa kijijini kuanzia mwaka 1958 hadi 1966, madarasa manane. Walifundishwa Kirusi na Kifaransa kidogo, Kiingereza hakuna. Alitamani kuendelea, lakini baba yake aliumia mgongo mwaka ule, ikabidi achague kitu cha haraka, akaenda miaka miwili kwenye shule ya ufumaji mjini. Mtu akijishusha mbele yake na kusema, "Mimi nina madarasa manane tu, Shangazi," alimjibu, "Hata mimi. Yanatosha, kama masikio hayajaziba."

Kuanzia Septemba 1968 hadi kiwanda kilipofungwa mwezi Mei 1998 alifuma pamba mjini. Ukumbi ule ulikuwa na mashine mia mbili, na mtu hakuisikia hata sauti yake mwenyewe. Wafumaji walizoea kusomana midomo na mikono: huyu anaomba uzi, huyu anaomba kwenda haja, huyu anamsengenya msimamizi aliyesimama palepale. Hapo ndipo alipojifunza kumtazama mtu anafanya nini ili ajue amesema nini. Hakujua kwamba siku moja kazi hiyo ya macho ingewalisha watu wengine mkate.

Jumapili tarehe 7 Oktoba 1973 alifunga ndoa na Toader Bejinaru, dereva wa trekta. Walijaliwa watoto wawili, Otilia mwaka 1976 na Liviu, aliyechelewa sana, mwaka 1991. Mzee Toader alikuwa mtu wa maneno machache, na aliyokuwa nayo aliyatumia kumtania mkewe. Alifariki tarehe 3 Machi 2009, na kwa miaka mingi Bibi Aglaia aliendelea kuandaa sahani mbili Jumapili, kisha akamwita jirani yake Catinca aje kula ile ya pili.

Kiingereza kilimjia jikoni. Kiangazi cha mwaka 1992, na viwili vilivyofuata, Waingereza walikuja kuezeka upya nyumba ya kulelea watoto katika kijiji jirani, naye akatumia likizo yake kuwapikia. Hakuelewa kitu. Alifanya alivyozoea kiwandani, akawatazama. Akagundua kuna neno moja ambalo watu wale hawaliachi mkononi, "get". Aliyeamka alilitaja. Aliyelowa mvua alilitaja. Aliyetumwa mkate, aliyepanda gari, aliyeshuka ngazi, aliyepona tumbo, hata aliyeelewa mzaha kwa kuchelewa na kucheka peke yake, wote waliokota neno hilohilo. Sisi kila jambo tuna neno lake. Wao wanashika moja na kulifungia kineno kidogo mkiani, basi linafanya kazi nyingine. Akaanza kuandika kwenye daftari la madoa ya mafuta, upande mmoja neno, upande wa pili hakuandika maana bali alichokiona: "Bwana mrefu, miguu majini, amelowa."

Daftari lilikaa kabatini mpaka Novemba 2006, Otilia alipokuja na kusema anataka kwenda Uingereza kutunza wazee majumbani. Mama yake alileta gunia la manyoya ya bata bukini, wakaketi kuyachambua kwa ajili ya mito, kama wanawake wa hapa wafanyavyo kila majira ya baridi, na kanuni ikawa hii: hugusi konzi nyingine mpaka useme jambo moja ulilofanya leo kwa neno lile. Kuamka. Kuvaa. Kuchoka. Kufika. Wiki ya pili Catinca alijiunga kwa sababu ya umbea, wiki ya tatu wakaja wasichana wanne. Majira ya baridi yaliyofuata viti havikutosha.

Waliosoma Kiingereza shuleni ndio waliomsumbua zaidi. Kitabu kiliwaambia neno lile maana yake ni kupokea, nao walishikilia hapo. Steluța Hanganu, aliyepo hapa leo, alimpigia simu wiki yake ya kwanza Uingereza, analia. Kengele ya mlango ililia, mzee anayemtunza akamwambia kwa neno lile kuhusu mlango, naye akanyoosha mikono yote miwili, akasubiri kupewa.

"Kupewa nini?" aliuliza Bibi Aglaia.

"Sijui, Shangazi! Mlango! Nikadhani labda ananipa ufunguo."

"Na kengele ilikuwa inalia?"

"Inalia."

"Basi fungua, mwanangu, mtu yuko nje! Acha kitabu, mtazame mzee. Anaangalia wapi?"

"Mlangoni."

"Haya. Ameshakufundisha."

Ndivyo alivyofundisha kwa majira kumi ya baridi. Hakutaka malipo. Mwenye kuku alileta mayai, asiyekuwa na kitu alichambua manyoya, na mito aliyoishona kwa mikono hiyo iko leo kwenye vitanda vya nchi asizozijua. Majina ya wanafunzi yapo nyuma ya daftari, sitini na matatu.

Lakini majina yale ndiyo yaliyomgeukia. Nyumba zilianza kufungwa moja moja. Wanawake walitangulia, waume wakafuata, watoto wakachukuliwa. Shule ya hapa ilibaki na watoto kumi na mmoja, kisha ikafungwa. Catinca alimwambia siku moja mbele ya kanisa, "Aglaia wewe, ukiendelea hivi padri ataimba na kujiitikia mwenyewe." Watu walicheka, naye alicheka. Alipofika nyumbani alikaa na koti lake bila kulivua, akamuuliza mkamwana wake, Mălina, "Kwani mimi niliwafukuza?" Mălina alimjibu kwamba wangeondoka tu, na wangeondoka bubu. Majira yale ya baridi, ya mwaka 2016, Bibi Aglaia hakuleta gunia.

Mwezi Novemba 2022 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Daktari mjini alisema moyo umechoka, akampa vidonge na kumkataza chumvi, na katazo hilo alilitii siku za kazi. Mwaka 2023, baada ya ibada ya tarehe 8 Septemba, alikaa kwenye benchi la nje na kuanza kuwahesabu wabebaji. Mnajua desturi yetu. Jeneza hubebwa na sita, nao wasiwe wa damu, kwa hiyo Liviu hahesabiwi.

"Mitruță wa Catinca ana ngiri," alisema. "Mwimbaji wa kanisa ana miaka sabini na minne. Yule wa kinu mguu mmoja. Nani mwingine?"

"Mwenyekiti wa kijiji," alisema Liviu.

"Yule hata kofia inamlemea."

Liviu alimwambia mjini kuna gari la mazishi na vijana wa kukodiwa, wanabeba vizuri, wana glovu nyeupe. Hapo ndipo alipomwona mama yake amekasirika kweli. "Nisibebwe na watu wasionijua! Nimefundisha kijiji kizima kuondoka, sawa, hiyo ni yangu. Lakini nisitoke hapa kama sanduku la posta." Taulo sita, ambazo kwa desturi hupewa wabebaji, alizozifuma miaka ya nyuma zilikuwa kabatini, zimekunjwa, na tangu siku ile kila Jumamosi Mălina alimkuta amezitandaza kitandani, anazitazama, kisha anazikunja tena.

Otilia alikuja kutoka Uingereza tarehe 19 Januari mwaka huu, baada ya kuomba ruhusa kazini. Alimwosha mama yake, alimlisha, alimgeuza kila baada ya saa mbili ili mgongo usichubuke. Siku ya kwanza Bibi Aglaia alishangaa.

"Mbona siumii? Liviu akinigeuza naona nyota."

"Unaweka goti hapa, mama, mkono chini ya bega, unasubiri mtu avute pumzi. Nimewageuza wengi."

"Wazee wa watu."

"Wa watu, ndiyo."

Bibi Aglaia akasema, "Basi walipata mtu mzuri." Mălina alikuwa mlangoni na mtoto kiunoni, akarudi jikoni taratibu.

Wiki ya mwisho mjukuu wake Ilie, mwenye miaka mitatu, alipanda kitandani kila asubuhi kumwonyesha vifungo vya shati. Bibi Aglaia alifariki Jumamosi tarehe 10 Februari, saa moja na robo asubuhi, mshumaa mkononi, watoto wake wote wawili wakiwa upande huu na upande ule.

Jana alasiri, baada ya ibada, gari dogo la kukodi kutoka uwanja wa ndege lilisimama hapo nje, na muda mfupi baadaye la pili. Waliteremka wanawake sita, wanafunzi wa Bibi Aglaia. Walimbusu marehemu mkono, wakawasha mishumaa, wakala ngano tamu iliyochemshwa ya kuwakumbuka wafu. Kisha Steluța akamwendea Padri Arsenie na kumwambia wabebaji wamepatikana, ni wao.

Mitruță alisimama. "Dada zangu, mmekuja kutoka mbali, asanteni. Lakini hapa mwanamke hajawahi kubeba jeneza tangu kijiji kiwe kijiji."

"Mjomba Mitruță," alisema Steluța, "mimi kwa miaka kumi na mmoja nimemnyanyua kila asubuhi mzee wa kilo mia na kumi, kutoka kitandani hadi kitini, na hajaanguka hata siku moja. Wewe mwaka huu umenyanyua nini?"

"Kikombe," alijibu Catinca, mkewe.

Walicheka hata waliokuwa wanalia. Padri Arsenie alingoja kicheko kitulie, akasema amefungua vitabu vyake vyote na hakuona mahali palipokatazwa, ila anaomba wavae viatu visivyoteleza. Liviu akaenda kabatini, akawagawia taulo mmoja mmoja, na kila mmoja alipopewa alisema, "Mungu amsamehe," kama inavyopasa.

Bibi Aglaia ametanguliwa na mumewe Toader na kaka zake watatu. Ameacha binti yake Otilia, mwanawe Liviu na mkamwana Mălina, anayesoma maneno haya kwa niaba ya familia. Wajukuu Edward, Ilie na Zamfira wa miezi saba. Jirani na rafiki yake Catinca. Na wanafunzi sitini na watatu, ambao wengi wao wanatusikiliza kwa simu saa hii, wengine wakiwa kazini na mzee wa mtu mkononi.

Sasa tunawaomba wabebaji wasogee, watatu kila upande: Steluța Hanganu, Parascheva Ciubotaru, Lăcrămioara Zugravu, Tudorița Hanganu, Emanuela Pricop na Glicheria Rusu. Wanaume waliobaki wamekwisha kuivunja barafu ya kilima na kumwaga majivu njia nzima. Akina dada, mnaijua kazi hii kuliko sisi. Mungu amsamehe alipokosa, ampe pumziko, na udongo wa Valea Sorbului umlalie mwepesi. Mnyanyueni mkiwa tayari.