Aliyetangulia Kutafuta Pa Kulala

Marehemu, ambaye wengi wenu mliofika hapa mlimjua kwa jina la Tambarare, alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 13 Machi 1957, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu. Baba yake alikuwa fundi wa matangi ya maji na mama yake dobi wa hospitali. Familia iliishi katika vyumba viwili nyuma ya ghala la saruji, na watoto wote watatu walilala kwenye godoro moja sakafuni. Dada yake mkubwa, ambaye ndiye aliyeuandika wasifu huu na ndiye anayeusoma, anathibitisha kwamba marehemu alikuwa msumbufu wa kulala tangu utotoni. Kila mara alilalamika kwamba anabingirika kuelekea ukutani, akaambiwa aache deko. Siku moja, akiwa na miaka sita, aliweka gololi katikati ya sakafu mbele ya baba yake, na gololi ikaenda yenyewe hadi ukutani. Baba akachukua pimamaji yake, akapiga magoti, akapima. Sakafu ilikuwa imeinama kwa upana wa vidole viwili. Godoro likageuzwa siku hiyohiyo, na dada yake akajikuta amehamishiwa upande wa mlangoni, jambo ambalo hakulisamehe mpaka alipoanza sekondari.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, kisha sekondari kwa miaka miwili. Tusimvike marehemu kilemba cha ukoka: hakuwa mtu wa vitabu, na alama zake za hesabu zilifichwa na mama chini ya kitambaa cha meza. Jiografia peke yake ndiyo iliyomkubali. Mwalimu wa somo hilo aliandika kwenye ripoti yake, "Anaielewa ardhi kuliko anavyowaelewa watu." Mwaka 1972 baba alianguka kutoka juu ya tangi akavunjika nyonga, na marehemu akaacha shule kwenda kubeba mifuko kwenye ghala lilelile alilozaliwa nyuma yake. Alifanya kazi hiyo miaka saba bila kunung'unika, ingawa alirudi nyumbani kila jioni mweupe kuanzia nywele hadi viatu.

Tarehe 1 Juni 1979 aliajiriwa kama mpagazi na kampuni iliyokuwa ikipandisha wageni milimani. Miaka minne baadaye kiongozi wa misafara akagundua mambo mawili: kwamba kila wakifika kambini huyu bwana hula chakula chake mbali na wenzake, na kwamba mvua ikinyesha, mahali alipokaa yeye ndipo panapobaki pakavu. Akampa kazi ya utangulizi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Marehemu aliondoka siku moja kabla ya msafara, peke yake, mzigo mgongoni, akapanda hadi eneo ambalo wageni wangelala siku ya pili yake. Kwanza alitazama juu, kama kuna mwamba unaomwaga mawe. Mawe yaliyodondoka karibuni huwa safi, hayajaota kuvu. Alikagua vijito vikavu, maana kijito kikavu cha mchana kinaweza kuwa mto jioni. Aliangalia jua la asubuhi litafika lini, maji yapo hatua ngapi, upepo unatoka wapi. Halafu alilala chali mchana kweupe juu ya kila kipande cha ardhi, kichwa huku, kichwa kule, akisikiliza mgongo unasemaje. Wapagazi waliowahi kumwona kwa mbali akifanya hivyo ndio waliompa jina lake. Akisharidhika, alilala hapo hadi asubuhi, kwa sababu alikuwa na sharti: mtu asilale mahali ambapo yeye hajalala kwanza. Akiamka alipanga mawe matatu, moja juu ya jingine, kuonyesha kwamba pamefaa, akaenda kutafuta pengine. Msafara ukifika, yeye hayupo. Wakati wa kushuka alikuja nyuma yao kwa siku moja, akifukia mashimo na kuokota takataka. Aliifanya kazi hiyo miaka thelathini na mitatu, akachagua kambi zisizohesabika, na hakuna hata moja aliyolala pamoja na watu.

Wengi walidhani anapenda upweke. Dada yake naye alidhani hivyo, mpaka siku moja mwaka 1985, wakimenya viazi, marehemu alipomwambia kwamba jioni akiwa huko juu hugeuka kutazama chini, na hali ya hewa ikiwa nzuri huona mwanga wa ile kambi aliyoiacha asubuhi. Huwa anahesabu mahema.

"Sasa unahesabu mahema ya nini?" dada akamuuliza.

"Nione kama wote wamefika," akasema, akaendelea kumenya.

Aliyemtoa katika hali hiyo, angalau kwa muda, alikuwa mpishi wa msafara. Walikuwa hawajawahi kuonana. Siku moja marehemu, akishuka nyuma ya msafara, alikuta chini ya jiwe bapa karibu na mahali pa kupikia kipande cha mkate kilichofungwa vizuri kwenye karatasi, pamoja na kijibarua: "Wewe Tambarare, jiko langu limezimwa na upepo mara tatu. Kwani ukichagua mahali hufikirii kwamba watu wanakula?" Safari iliyofuata mpishi alikuta ukuta wa mawe, kimo cha goti, umejengwa upande wa upepo. Akaacha mkate mwingine. Waliendelea hivyo karibu miaka miwili, mkate kwa ukuta, mpaka wakakutana kwenye foleni ya kurudisha vifaa stoo.

"Kumbe ni mfupi hivi," mpishi akasema.

"Na mimi nilidhani wewe ni mkali zaidi," marehemu akajibu.

Walifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 22 Agosti 1987, wakapanga vyumba viwili na kistoo juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Walijaliwa binti mwaka 1988 na mtoto wa kiume mwaka 1993. Mke aliendelea kupika kwenye misafara, na mume akaendelea kutangulia, kwa hiyo hata wakiwa mlima mmoja walikuwa wamepishana kwa siku nzima. Wifi yetu alikuwa akisema, na mpaka leo anasema, "Wakati wa kupanda nimeolewa na mtu wa kesho, wakati wa kushuka na mtu wa jana. Wa leo bado namsubiri."

Jambo linalofuata familia imeomba lisomwe wala lisifunikwe. Mwezi Februari mwaka 1991, mdogo wa kiume wa mke wake, ambaye alikuwa na miaka ishirini na miwili, alikuwa mpagazi kwenye msafara mmoja na mke. Mke alikuwa amelalamikia tena upepo. Marehemu, kwa kutaka kumfurahisha, akaacha ukingo aliokuwa akiutumia siku zote, akashuka kwenye bonde dogo la mviringo, chini kidogo ya theluji ya kileleni. Palikuwa tambarare, majani laini, upepo hakuna kabisa. Alilala hapo kama kawaida yake, akaamka mzima, akapanga mawe yake matatu. Lakini usiku aliolala yeye mawingu yalikuwa yamefunika. Usiku wa msafara anga lilikuwa wazi, na baridi ya mlimani ni nzito. Anga likiwa wazi, baridi hiyo huteremka kutoka kwenye theluji na kutuama bondeni kama maji. Hema la wapagazi ndilo lililokuwa chini kabisa. Shemeji yake aliteremshwa mlimani amebebwa, na hospitali ikamkata vidole saba vya miguu vilivyokuwa vimekufa kwa baridi.

Hakuna aliyemlaumu marehemu. Kiongozi alisema hayo ni mambo ya mlimani. Mke aliacha kazi ya msafara, lakini hakuwahi kumnyooshea kidole. Shemeji alijifunza kushona viatu, na hadi leo huwatania wateja kwamba mtu wa vidole vitatu ndiye anayewavisha watu wa vidole kumi. Marehemu peke yake ndiye aliyekataa yaishe. Tangu hapo alilala kila mahali siku mbili kabla ya kupakubali, kwa hiyo aliondoka nyumbani mapema zaidi na kurudi akiwa amechelewa zaidi. Shemeji akiingia kwa mlango wa mbele, marehemu alikumbuka ghafla kwamba sabuni imeisha, akatoka kwa mlango wa nyuma. Nyumba ile ilijaa sabuni. Kwa miaka thelathini na miwili hawakuwahi kukaa chumba kimoja zaidi ya muda wa salamu. Dada yake alimwita akamwambia wazi kwamba anajitenga na watu kwa ukaidi wake mwenyewe.

"Dada, mimi kazi yangu ilikuwa moja tu," marehemu akamjibu.

Dada yake aliliacha neno hilo lipite, na mpaka leo anajuta.

Alistaafu tarehe 31 Desemba 2016. Badala ya kurudi kitandani kwa mkewe, alihamia kwenye kile kistoo cha nyuma kilichokuwa kikihifadhi masanduku, akatandika mkeka wake mwembamba wa mlimani. Alisema anakohoa, hataki kumsumbua mtu. Kwa miaka sita mke wake alimsikia kupitia ukutani akijigeuza. Watoto, ambao wote sasa wanaishi mbali, walipiga simu kila Jumapili. Marehemu aliuliza hali ya hewa huko waliko, akasikiliza jibu kwa makini, kisha akampa mama yao simu.

Mwezi Oktoba 2022 mapafu yake yalianza kumwangusha. Alilazwa hospitali mara tatu, na tarehe 20 Aprili 2023 madaktari wakamruhusu kurudi nyumbani na mtungi wa oksijeni. Familia ilimnunulia kitanda, akakikubali kwa shingo upande, mradi kikae mlemle kistooni. Daktari alisisitiza kwamba mtu alale naye chumbani. Marehemu alikataa. Alimkatalia mke wake, akamkatalia dada yake, akamkatalia binti yake kwa simu, wote kwa maneno yaleyale: "Mtapata baridi humu." Dada yake aliogopa jambo moja tu, na analitaja hapa bila aibu: kwamba mdogo wake angekufa peke yake kati ya masanduku, kwa kutaka mwenyewe, na nyumba imejaa watu wanaompenda.

Siku ya Jumapili, tarehe 14 Mei, shemeji alifika na godoro begani na fimbo mkononi. Safari hii alipitia mlango wa nyuma.

"Shemeji, humu kuna baridi," marehemu alisema.

"Baridi naijua. Nionyeshe pa kutandika."

"Nenda ukalale kule kwa dada yako."

"Sikuuliza kama nilale. Nimeuliza wapi."

Marehemu alipumua mara nyingi kabla ya kupata nguvu ya kusema. "Siku ile nilikosea."

"Ulikosea," shemeji akasema. "Pale palikuwa pabaya. Nimeishi na kosa lako miaka yote hii, na halijanizuia kuja hapa hata mwezi mmoja. Wewe ndiye uliyekuwa unatoka."

Ndipo marehemu akainua mkono, akaanza kuonyesha. Si pale, dirisha linapitisha upepo. Si karibu na mlango. Sogeza sanduku lile. Hapo, kando ya kitanda, kichwa upande huu. Shemeji akatandika alipoambiwa, akalala chali, akatulia. Dada yake marehemu, huyu anayesoma, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, akarudi nacho jikoni kwa sababu alikuwa analia.

Asubuhi yake, kitu cha kwanza marehemu alichosema ni, "Umelalaje?" Hakuwahi kumuuliza mtu swali hilo katika miaka yake yote ya kazi, kwa kuwa watu walipoamka yeye alikuwa ameshaondoka. Shemeji si mtu wa kupamba maneno, akafikiri kwanza. "Upande wa kushoto kuna mteremko kidogo," akasema. "Ila joto lipo." Marehemu akacheka mpaka akahitaji oksijeni, kisha akaamuru godoro lisogezwe shubiri moja. Aliuliza kila asubuhi, na kila asubuhi akajibiwa kweli. Siku ya nne mke wake aliingiza godoro lake bila kuomba ruhusa, naye akaonyeshwa mahali, naye akaulizwa. Siku ya tisa binti akafika kutoka mbali na kufanya vivyo hivyo. Chumba hakikuwa na pa kukanyaga, na marehemu alikuwa akihangaika na nafasi ya kila mmoja kama mtu mwenye afya yake. Kwa mara ya kwanza tangu enzi za godoro la utotoni, dada yake alimwona mdogo wake ana furaha.

Aliaga dunia siku ya Ijumaa, tarehe 26 Mei 2023, kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Wote watatu walikuwa katika usingizi mzito, hakuna aliyesikia chochote. Wa kwanza kuamka alikuwa shemeji. Alijikalisha kwenye godoro, akangoja kuulizwa. Alingoja muda. Alipoelewa, hakupiga kelele wala kumwamsha mtu. Alimfunika miguu vizuri, akasema kwa sauti yake ya kila siku, "Nimelala vizuri, shemeji. Sote tumelala vizuri." Kisha ndipo akamwita dada yake, mke wa marehemu.

Marehemu ameacha mjane; shemeji yake fundi viatu, ambaye kwa utaratibu angetajwa mwisho, lakini familia imekubaliana atajwe hapa; binti mmoja na mtoto mmoja wa kiume; wajukuu watatu; mdogo wake wa kiume; na dada yake. Mungu ampumzishe kwa amani, wala asiwe peke yake.