Kila Saa Nane

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao mbele ya meza ya Fundi Viatu, na chupa ya kahawa ambayo Redio huja nayo. Siku nyingine wenye kijiwe wangebishania mpira. Leo walikuwa wanambishania Fundi, maana mkewe amerudishwa wodini na kesho asubuhi anakatwa mguu, kisa kidonda kilichogoma kupona. Fundi alikuwa anashona soli, akiidunga sindano kwa hasira.

— Dawa feki zile, alisema Redio, aliyepewa jina hilo kwa sababu hazimiki. Chaki tupu. Wanapaka rangi, wanakupa.

— Si feki, alisema Hakimu, ambaye kazi yake ni kukata kesi zisizomhusu. Ni za majaribio. Wanazijaribu kwetu kwanza, ndipo wenyewe wameze.

— Basi na muuguzi aliyezitoa yumo, alisema Redio.

— Yumo, tena kinara. Unadhani kwa nini wanaongea haraka vile?

Fundi aliikumbuka sauti ile ya dirisha la dawa. Foleni nyuma yake imefika mlangoni, na muuguzi macho yameshahamia kwa mgonjwa mwingine: kidonge kimoja kila saa nane, siku saba, umeelewa? Akajibu ameelewa. Alimchukia yule mwanamke.

— Mimi sikuzembea, alisema. Ikigonga saa nane mchana naacha kazi, nakimbia nyumbani kumpa. Nyie mashahidi.

— Mashahidi kabisa, alisema Hakimu. Hata siku ile ya mvua ulikwenda.

— Basi muuguzi katumwa, alisema Redio. Kuna mtu kamlipa.

Mama mmoja alikuwa amesimama pembeni, kiatu mkononi, akingoja zamu yake.

— Samahani, kaka. Hicho cha mchana nimekielewa. Na vile viwili vingine, ulikuwa unampa saa ngapi?

— Viwili vipi?

— Kila zikipita saa nane, kimoja. Si kwa siku vinakuwa vitatu?

Redio alihesabu kwa vidole, akafika vitatu. Hakimu akainamisha chupa juu ya kikombe, hakikutoka kitu. Fundi aliweka soli chini. Chuki yake yote ilikosa pa kwenda, ikamrudia mwenyewe.

— Siku ya tatu mke wangu aliniuliza, alisema polepole. Akaniuliza mbona paketi haipungui. Nikamwambia anyamaze, mimi ndiye niliyeelekezwa.