Gobnait wa Tatu

Bibi yetu Gobnait Lucey alizaliwa kijijini Baile Bhuirne, upande wa Cork, tarehe 3 Februari 1938, mtoto wa Donncha na Nóra Kelleher. Kabla yake wazazi hao walikuwa wamezika mabinti wawili, na wote wawili waliitwa Gobnait. Wa kwanza alichukuliwa na kifaduro mwaka 1931 akiwa na miezi minane, wa pili na dondakoo mwaka 1936, hajatimiza miaka miwili. Mimi Muireann, mjukuu wake ninayewasomea wasifu huu, naanza na hilo kwa sababu ndipo hofu yake yote ilipoanzia.

Kwa desturi yetu binti wa kwanza hupewa jina la bibi mzaa mama, na akifa, anayefuata hulichukua. Jirani alimwuliza Nóra akiwa bado kitandani, "Mama wee, na huyu naye unampa hilo? Hujachoka kuzika?" Nóra alilia, lakini mama yake alikuwa hai na hakutaka kusikia. Jina ni la mtakatifu wetu, mlinzi wa nyuki na wagonjwa; wenye elimu husema lilitokana na uhunzi. Karani aliliandika Abigail, kama makarani walivyozoea kuligeuza kwa Kiingereza. Nóra akawa anamwita Abi wakiwa nje, kana kwamba kifo kikisikia jina la daftarini kitapita bila kumjua.

Alianza shule mwaka 1943. Darasani walikuwa Gobnait watano, kila mmoja akitambulishwa kwa jina la baba yake, ila yeye aliitwa Wa Tatu. Mvulana mmoja, Conchúr Lucey, alimvizia getini kila asubuhi.

"Wa Tatu! Bado upo?"

"Nipo! Toa hayo masikio yako nipite!"

Alijibu hivyo, kisha akafika nyumbani akijishika paji la uso kama lina homa. Tarehe 14 Juni 1961 aliolewa na huyohuyo Conchúr.

Kuanzia 1974 hadi 1998 alifanya kazi posta ya kijiji. Barua ikija imeandikwa "Gobnait, Baile Bhuirne" basi, na Gobnait wapo kumi na mmoja, alitazama mwandiko akajua ni ya nani. Mwaka hadi mwaka wakapungua, watoto wakaitwa Aoife na Chloe. Alipostaafu, barua yenye jina hilo ilikuwa yake tu. Majirani walisikitika. Yeye alishusha pumzi.

Walijaliwa watoto watatu: Diarmuid, Nóra na Tadhg. Nilipozaliwa mimi kwa Nóra mwaka 1991, zamu ilikuwa ya jina la Bibi. Alifika hospitali na aproni yake kiunoni, akamwambia mama, "Mwite chochote, lakini si hilo. Unataka tukachimbe kaburi dogo tena?"

Moyo wake ulianza kushindwa Oktoba mwaka jana, 2023. Tarehe 30 Januari mwaka huu nikajifungua kabla ya miezi kutimia, mtoto wa kike wa kilo moja na robo. Jumapili tarehe 11 Februari, sikukuu ya mtakatifu, Bibi alimlazimisha mjomba Diarmuid ampeleke kanisani kwa kiti cha magurudumu. Akapima utepe kwenye sanamu, urefu wake na mzunguko wake, kama tunavyowapimia wagonjwa siku hiyo ili wapone, akaniwekea mkononi nilipowakuta pale.

"Mtoto hana jina bado?"

"Bado, Bibi. Naogopa kutaja lolote."

"Mpe langu."

Nilishtuka. "Si wewe uliyelikataa maisha yote?"

"Woga tu, mwanangu. Miaka themanini na sita ninayo! Lingekuwa linaua, lingenikosaje mimi?"

"Kwa hiyo huogopi tena?"

"Naogopa bado. Lakini nikifa nalo, dada zangu nitawaambia nini? Kwamba jina lao nililizika mimi?"

Nilikunja utepe nikarudi nao hospitali bila kumwahidi, na hilo linaniuma. Alifariki nyumbani Jumanne tarehe 13, saa kumi alasiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama.

Mumewe Conchúr alimtangulia mwaka 2015. Ameacha watoto watatu, wajukuu sita na kitukuu mmoja. Kitukuu huyo leo ana siku kumi na saba. Yuko hospitali mjini Cork, anapumua kwa bomba, na utepe umefungwa kwenye mguu wa mashine ya joto kwa kuwa wauguzi hawakuruhusu umguse. Jana asubuhi tulikwenda kumwandikisha. Mume wangu ndiye aliyeshika kalamu, mimi nikalitaja jina. Ameandikwa Gobnait.

Bibi na dada zake wawili wapumzike kwa amani. Huyu wa nne, watuachie.